Mchanga wa tanki la maji chumvi unasafishwa au unaachwa? Nimekoroga jana, leo nimezika samaki wanne

#1 Kijana_wa_Shangani
Habari za asubuhi wadau. Niende moja kwa moja maana nina hasira.

Nina mgahawa mdogo hapa Mtwara mjini, pembeni ya kaunta nimeweka tanki la maji chumvi la lita 300, nililinunua kwa mzungu mmoja wa mambo ya gesi alipokuwa anafungasha kurudi kwao. Kwangu lina miezi 8 sasa. Maji nachota baharini, mawe yalikuja na tanki, mchanga nilichota mwenyewe ufukweni nikamwaga kama sentimita 10 hivi. Mwanzoni ulikuwa mweupe mpaka wateja wanapiga picha. Kuanzia mwezi wa 3 ukaanza kuwa kahawia, halafu ukaja mwekundu mwekundu kama utelezi, na ukichungulia ubavuni kwenye kioo kule chini kuna mabaka meusi utadhani mtu kamwaga oili chafu. Mteja mmoja akauliza "hii ndo supu mnayotuuzia?" Nikaona aibu.

Jana Jumapili nikazima pampu, nikachukua mwiko wa ugali (mpya jamani msianze) nikakoroga mchanga wote kona mpaka kona. Maji yakawa uji wa ulezi, ikatoka harufu ya mayai viza mpaka watu wa chai wakahama meza. Nikawasha pampu, jioni maji yakaanza kutulia, nikajua nimeweza. Saa 3 usiku samaki wote wako juu wanahema. Asubuhi vitatange wawili chali, kangaja chali, na kikande, ambaye nilidhani yule hafi kwa chochote, naye chali. Wamebaki chafi mmoja na wale wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe.

Dai langu: mchanga wa maji chumvi haukorogwi wala hausafishwi, ukishatulia unauacha kama kaburi. Mnasemaje?

#2 MamaKorosho
Pole sana kaka. Ila kwenye mwiko nimecheka nikamwaga chai kwenye simu.

#3 FundiVioo_Chuno
Pole mkuu. Jibu umeshaliandika mwenyewe, ni ile harufu. Mayai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Mchanga ukiwa mnene hivyo oksijeni haifiki chini, kuna bakteria wanaishi kule wanakula uchafu na kutoa hiyo gesi, ikikaa chini haina ugomvi na mtu, wewe umeenda kuifumua yote kwa mpigo. Kiasi kidogo tu kinaua samaki. Kwa hiyo nusu ya dai lako iko sawa, usikoroge. Ila kutosafisha kabisa hapana, ungekuwa unasafisha kidogo kidogo toka mwanzo isingejikusanya.

#4 Mzee_wa_Mikindani
Nimesoma nimecheka kidogo, anisamehe mfiwa. Mtu anakaa hatua mia mbili toka baharini anafuga bahari ndani ya kioo.

Lakini niseme ninachokijua. Hiyo harufu sisi tunaikanyaga kila siku, maji yakipwa ukikatiza mikokoni mguu ukazama mpaka kwenye goti, ukiuchomoa inatoka harufu hiyo hiyo na tope jeusi hilo hilo. Na humo humo kuna kaa, kuna kamba, vidagaa vinachezacheza kwenye vidimbwi, havifi. Iweje ya kwenye tanki iue?

#5 FundiVioo_Chuno
Shikamoo mzee. Mikokoni bahari nzima inaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Kwenye tanki gesi haina pa kwenda.

#6 Mzee_wa_Mikindani
Marahaba. Hapo umesema.

#7 Dokta_Mawe
(Dokta ni jina la kijiweni, msinitumie picha za vidonda.)

@FundiVioo sikubaliani. Mambo mawili. La kwanza yale mabaka meusi sio gesi, ni madini ya chuma yaliyoungana na salfa, unaweza kuwa na mchanga mweusi tii na gesi ikawa kiduchu. La pili hiyo gesi ikikutana na maji yenye oksijeni haidumu, inabadilika haraka. Ingekuwa ndo muuaji wangekufa ndani ya dakika kumi hadi saa moja mwiko ukiwa bado mkononi. Soma vizuri, yeye kakoroga mchana, samaki wameanza kuhema saa 3 usiku.

Kuhema juu ya maji maana yake oksijeni imeisha. Miezi 8 ya kinyesi na mabaki ya chakula yaliyokuwa yamelala mchangani umeyainua yote, bakteria wa juu wakaona karamu, wakaanza kula, na wao wakila wanatumia oksijeni ile ile ya samaki. Ongeza joto la kwetu, maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya nyuzi 25. Ongeza usiku, mwani nao usiku unavuta oksijeni badala ya kutoa. Hapo hata bila gesi wanakufa.

#8 FundiVioo_Chuno
Dokta hayo unayosema yanaweza kwenda pamoja na yangu, sio lazima moja lifute lingine. Halafu kitatange ni laini, kikande ni mgumu, mbona wamekufa sawa na chafi kabaki?

#9 Dokta_Mawe
Chafi kabaki kwa sababu ni chafi. Mimi niliwahi kumsahau mmoja kwenye ndoo.

#10 binti_ligula
Samahani kabla hamjafika mbali. @Kijana_wa_Shangani umeme ulikuwepo usiku huo? Maana huku kwetu ulikatika.

#11 Kijana_wa_Shangani
Dah. Ulikatika saa 5 usiku ukarudi kama saa 10 alfajiri. Nilishafunga mgahawa, mlinzi ndo kaniambia. Sina pampu ya betri.

#12 binti_ligula
Basi kesi imekwisha, umeme. Masaa matano maji yamesimama, yana uchafu wote ule, ungekoroga usingekoroga ungekuta mizoga.

#13 Dokta_Mawe
Haijaisha. Saa 3 walikuwa tayari wanahema na umeme upo. Umeme umemalizia tu.

#14 JirambaLindi
Nawasalimu kutoka Lindi. Nyie watani mnajadili kifo, mimi naona ugonjwa ulianza mwezi wa 3 mchanga ulipobadilika rangi. Tatizo ni mchanga wenyewe. Mchanga wa ufukweni sio wote sawa, ule wa karibu na miamba umejaa vipande vya matumbawe na makombe, ule wa karibu na mdomo wa mto una mawe ya bara, ule wa kung'aa kama kioo. Huo wa kung'aa una silika, na silika ndo chakula cha ule utando wa kahawia, daiatomu, yaani mwani mdogo mno.

Pima hivi: chukua kijiko cha mchanga mkavu weka kwenye glasi, mimina siki, kama huna kamulia ndimu. Ukitoa povu kama soda ni wa makombe. Ukikaa kimya ni wa silika. Mimi wa kwangu ulitoa povu kidogo, baada ya siku mbili nikamwaga siki nikakuta zaidi ya nusu ya kijiko bado ipo.

#15 FundiVioo_Chuno
Kipimo cha siki ni kizuri, hilo nakupa. Ila hilo la silika kulisha daiatomu nalisikia kila siku na silielewi. Mimi nakata vioo, ndo kazi yangu. Kioo kinatengenezwa kwa mchanga huo huo wa silika, tanki lote kuta nne na sakafu ni silika. Mbona kioo hakiyeyuki kuwalisha? Mchanga wa aina hiyo unayeyuka kidogo mno. Daiatomu wanakuja kwenye kila tanki jipya, hata la mchanga wa kununua, wanakaa wiki kadhaa wanaondoka.

#16 JirambaLindi
Wa kwake wamekuja tanki lina miezi, sio jipya.

#17 FundiVioo_Chuno
Kwa hiyo sio daiatomu hao.

#18 JirambaLindi
Au silika inayeyuka.

#19 MamaKorosho
Mimi sina tanki, nipo hapa kwa ajili ya ugomvi tu. Endeleeni.

#20 Kusi_na_Kaskazi
Mnapigana kwa jina la kitu ambacho hamjakishika. Kuna vitu vitatu tofauti vyote watu wanaviita uchafu wa mchanga. Ukipitisha kidole, ukatimka kama vumbi la unga, kahawia, hao ni daiatomu. Ukivuta ukabanduka kama ngozi, mwekundu wa damu ya mzee au zambarau, una harufu, hiyo ni sainobakteria, sio mwani kabisa, ni bakteria wanaotumia mwanga. Ukiona kamasi la kahawia lina nyuzi na vipovu vya hewa kwenye ncha, mchana limejaa usiku linapungua, hao ni dinoflajeleti na hapo ndo uombe Mungu.

Ukishindwa kutofautisha hao wa mwisho, vuta kidogo weka kwenye chupa na maji ya tanki, tikisa kwa nguvu, chuja na tishu, yale maji yaliyochujika yaweke juani saa moja. Yakijikusanya tena kuwa kamasi ujue ni wenyewe.

@Kijana wa kwako nadhani ni sainobakteria. Unalisha nini na mara ngapi?

#21 Kijana_wa_Shangani
Umebanduka kama ngozi, kweli. Nalisha kamba wabichi nawakatakata, asubuhi na jioni, na wateja nao wanatupia chapati nikigeuka.

#22 Kusi_na_Kaskazi
CHAPATI?

#23 Dokta_Mawe
Nimefunga simu nimeifungua tena. Chapati na mafuta yake.

#24 MamaKorosho
Kikande kafa kwa chapati jamani, mwandikeni kwenye cheti.

#25 JirambaLindi
Ndo Mtwara hiyo. Sisi Lindi samaki wetu wanakula vya samaki.

#26 binti_ligula
Nyie Lindi mlikuwa na mjusi mkubwa ajabu, dinosaria, pale Tendaguru, wajerumani wakachimba toka 1909 mpaka 1913 wakambeba kwenda Berlin mmekaa mnatazama, leo mnatufundisha kufuga?

#27 JirambaLindi
Angalau sisi mjusi wetu alisafiri. Wenu kafia kaunta.

#28 Kijana_wa_Shangani
Hahaha haya nimekoma. Turudi kwenye mchanga basi, nisafishe vipi? Maana bado mwekundu, na maji yana ukungu.

#29 binti_ligula
Nikueleze ninavyofanya mimi, nina la lita 120, mchanga sentimita 4 tu, mwaka wa tatu huu.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, kata kitako chake. Mdomo wa chupa chomeka mpira wa maji wa kipenyo cha kidole, funga na nailoni au raba ya ndani ya baiskeli usivuje. Ndoo weka chini ya tanki. Jaza mpira maji kwanza kwa kuuzamisha wote kwenye ndoo ya maji ya bahari, ziba ncha kwa dole gumba, usivute kwa mdomo, mimi nilivuta siku ya kwanza nikameza, sitaki hata kukumbuka. Pampu ya mawimbi zima, ya hewa acha. Kitako cha chupa kichomeke kwenye mchanga, achia dole gumba. Utaona mchanga unapanda ndani ya chupa unacheza kama maharage yanayochemka, uchafu kwa sababu ni mwepesi unakwenda na mpira, mchanga kwa sababu ni mzito unarudi. Ukiona mchanga unakaribia shingo ya chupa, bana mpira kidogo, unashuka. Maji ya kwenye chupa yakiwa meupe, inua, sogea upana wa chupa, choma tena.

Sasa la muhimu: siku moja robo ya tanki, basi. Wiki ijayo robo nyingine. Mwezi mmoja umezunguka. Na hayo maji uliyotoa ndo maji ya kubadilisha, rudishia ya bahari mapya. Kwenye mawe mchanga ulioingia chini naupuliza na bomba la sindano kubwa ya mifugo bila sindano yake, duka la dawa za mifugo lipo sokoni.

#30 FundiVioo_Chuno
Hii safi sana. Ila ya kwako ni sentimita 4 na ya kwake ni 10. Akichoma chupa mpaka chini kwenye 10 anafumua gesi ile ile. Aishie sentimita 2 au 3 za juu.

#31 Kusi_na_Kaskazi
Hapo hapo. Mchanga mnene sio kosa. Kuna wanaoweka sentimita 10 mpaka 15 makusudi. Sehemu isiyo na oksijeni ndo inayofanya kazi ambayo filta haifanyi. Kinyesi kinatoa amonia, bakteria wa juu wanaigeuza naitraiti, wengine wanaigeuza naitreti, ikifika hapo filta imemaliza. Wale wa chini kabisa ndo wanachukua naitreti wanaigeuza gesi ya naitrojeni, inapanda kama vipovu inaondoka zake hewani. Mfaransa mmoja, Jean Jaubert, kule Monaco, mfumo wake mzima ulikuwa mchanga mnene juu ya wavu, chini yake nafasi ya maji yaliyotulia. Kwa hiyo ukienda kuuchokonoa unavunja kiwanda.

Mbaya ni ule wa katikati, sentimita 6, 7. Mnene wa kuficha uchafu, mwembamba wa kufanya kazi ya maana.

#32 Dokta_Mawe
Kiwanda kinachohitaji minyoo na vidudu vidogo vidogo vya kutosha kupekecha mchanga kila siku, sio mchanga wa ufukweni uliokaushwa juani na kuoshwa na maji ya bomba. @Kijana uliuosha na nini?

#33 Kijana_wa_Shangani
Maji ya bomba. Mara saba. Mpaka ukatakata.

#34 Dokta_Mawe
Basi ulimwaga maiti. Klorini ya bomba na chumvi kuondoka ghafla, kilichokuwa hai mle kilikufa siku ya kwanza, na kilichokufa kikaoza. Kiwanda cha @Kusi hakijawahi kufunguliwa.

#35 Kusi_na_Kaskazi
Bakteria wanarudi toka kwenye mawe, miezi 8 inatosha. Minyoo ndo sina hakika.

#36 Maji_Mafu
Mimi nawashangaa wote, mchanga wa nini? Toa wote. Mimi nina sakafu ya kioo tupu, kinyesi nakiona nakivuta, dakika tano. Sina kahawia sina nyekundu sina nyeusi. Mchanga uko baharini.

#37 MamaKorosho
Samaki wako wanalala kwenye kioo kama nyanya za sokoni.

#38 Maji_Mafu
Wanalala lakini wako hai dada.

#39 Salumu_wa_Madumu
Naomba nitoke nje kidogo ya mchanga. @Kijana maji yakipungua unaongezea nini?

#40 Kijana_wa_Shangani
Maji ya bahari. Si ni tanki la bahari?

#41 Salumu_wa_Madumu
Nilijua. Maji yanapokauka yanaondoka maji peke yake, chumvi inabaki. Unatakiwa kuongezea maji yasiyo na chumvi wala klorini, sio ya bahari. Piga hesabu: lita moja ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Tanki lako la wazi likipoteza lita moja kwa siku, na wewe unarudishia lita moja ya bahari, mwezi mzima umemwaga kilo moja na gramu 50 za chumvi ya ziada. Kwenye lita 300 hiyo ni...

#42 FundiVioo_Chuno
Sio lita 300. Mchanga sentimita 10 na mawe vinakula nafasi, maji hapo ni kama 220.

#43 Salumu_wa_Madumu
Sawa, 220. Inapanda karibu gramu 5 kwa kila lita kwa mwezi. Kutoka 35 kwenda 40 kwa mwezi mmoja kama hubadilishi maji. Na maji yakizidi chumvi yanabeba oksijeni kidogo zaidi. Samaki wako walikuwa wameshachoka kabla ya mwiko.

#44 Kijana_wa_Shangani
Nabadilisha ndoo mbili tatu kwa mwezi. Kipimo cha chumvi sina, nilitegemea ulimi.

#45 Mzee_wa_Mikindani
Ulimi huo huo unaoonja supu? Halafu wewe mwezi wa 3 ulichota wapi maji, na yakiwa yamejaa au yamekupwa? Mwezi huo mvua za masika huku hazijaisha, maji ya ufukweni yana tope la mitaro yote ya mji. Mtu anachota magotini anasema maji ya bahari. Hayo ni maji ya barabarani.

#46 Kijana_wa_Shangani
Magotini mzee. Na nadhani yalikuwa yanakupwa.

#47 JirambaLindi
Kila ukiulizwa swali kosa linaongezeka. Kuna lingine hujasema?

#48 Kijana_wa_Shangani
Kuna jongoo bahari.

#49 Dokta_Mawe
Anasema "kuna".

#50 Kijana_wa_Shangani
Kijana mmoja aliniletea mwezi uliopita, akasema huyu anakula mchanga anautoa safi, mfagiaji wa asili. Na kweli nilimwona anatembea anaacha vile vijiti vya mchanga nyuma yake. Tangu Jumatano sijamwona.

#51 Kusi_na_Kaskazi
Mkuu hicho ungekiandika mstari wa kwanza. Jongoo bahari akifa ndani ya tanki, au akinaswa na pampu, au akitishwa sana, anaachia sumu, holothurini, inaweza kumaliza samaki usiku mmoja. Sumu ya sabuni sabuni, inaharibu mashavu wanayopumulia, ndo maana wanapanda juu kuhema kama oksijeni imekwisha. Umekoroga mchanga mzima na mwiko, na yeye alikuwa mle mle.

#52 Mzee_wa_Mikindani
Jongoo ukimshika vibaya anatema nyuzi nyeupe zinanata kama ulimbo, zikigusa vinyweleo vya mkono unavinyoa. Uliona nyuzi?

#53 Kijana_wa_Shangani
Maji yalikuwa uji mzee, ningeona nini.

#54 binti_ligula
Na mjue kuvua jongoo bahari huku Bara ni marufuku tangu 2003, wanaofanya biashara wanafuga. Na kule kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma usiokote kitu bila kuuliza kibali. Uliza afisa uvuvi kwanza, msije kuniambia hamkujua.

#55 MamaKorosho
Uzi umeanza na mchanga umefika mahakamani.

#56 Dokta_Mawe
Narudi kwenye jongoo. Jongoo akifa anaoza, anakuwa kamasi, ungesikia harufu yake kabla. Na sio jongoo wote wana sumu ya kuua tanki la lita 220. Mimi bado nasema oksijeni.

#57 FundiVioo_Chuno
Harufu ingesikika vipi na mayai viza yote yale.

#58 Jipya_Mjini
Wakuu nimechelewa. Huo utelezi mwekundu si kuna vidonge vya erithromaisini? Nilisikia unasaga unamwaga unaisha siku tatu.

#59 Kusi_na_Kaskazi
Unaisha, na bakteria wazuri wa mchangani wanaweza kuisha nao, halafu amonia inapanda unazika waliobaki. Chapati zikiendelea utelezi unarudi mwezi ujao. Vidonge waachie wagonjwa.

#60 Kijana_wa_Shangani
Mrejesho, wiki mbili zimepita. Nimefanya ya @binti_ligula, robo kwa wiki, sentimita 2 za juu tu kama alivyosema Fundi. Chupa imefanya kazi, siku ya kwanza nilibana mpira nikachelewa nikavuta mchanga wa kujaza kikombe kizima. Kwenye ndoo yalitoka maji rangi ya kahawa na vipande vya... sawa, vya chapati. Nimebandika karatasi "USILISHE". Nalisha mara moja kwa siku, taa nazima saa 2 usiku. Mwekundu umepungua, ila kona ya karibu na mlango umerudi pale pale.

Chumvi nimepima kwa mizani ya jikoni. Nilijaza chupa ya lita moja maji ya tanki nikapima, nikaisuuza nikajaza ya bahari yenyewe mpaka alama ile ile. Ya tanki imezidi gramu 4.

#61 Salumu_wa_Madumu
Gramu 4 ni kama 5 za chumvi kwa lita. Nilisema mimi.

#62 FundiVioo_Chuno
Mizani ya jikoni inadanganya gramu 2, na alama ya kalamu kwenye chupa inadanganya nyingine 2.

#63 Dokta_Mawe
Na hiyo kona ya mlangoni inapigwa na jua la asubuhi, au pampu haifiki, moja kati ya hayo. Geuza pampu kwanza kabla hujaweka pazia, ukifanya yote siku moja hutajua lipi limesaidia.

#64 JirambaLindi
Siki ulimimina?

#65 Kijana_wa_Shangani
Nilimimina. Umetoa povu, sio kama soda lakini, kama soda iliyokaa wazi.

#66 JirambaLindi
Mchanganyiko. Nusu yangu, nusu ya Fundi.

#67 Mzee_wa_Mikindani
Alhamisi bamvua, yanajaa saa 10 jioni. Nina mtumbwi, njoo na madumu tukachote nje kule kwenye maji ya bluu. Mafuta hayahitajiki, utapiga kasia.

#68 Kijana_wa_Shangani
Nakuja mzee na madumu sita. Shukrani.

#69 MamaKorosho
Na jongoo kaonekana?

#70 Kijana_wa_Shangani
Bado. Ila jana asubuhi nimekuta kijiti cha mchanga nyuma ya jiwe kubwa, na juzi nilishavuta pale pakawa tambarare.

#71 Dokta_Mawe
Hicho ni cha mnyoo.

#72 Kusi_na_Kaskazi
Kinene kiasi gani?

#73 Kijana_wa_Shangani
Kama kidole changu cha mwisho.

#74 Mzee_wa_Mikindani
Mnyoo gani huo.